Kuazima mahadhi sio wizi

Jamani, juzi chumbani kwetu ubishi ulifika saa nane usiku. Jamaa mmoja, tena anasoma fasihi, kashupalia kwamba nyimbo zetu za mgomo ni za kukopi, kwa hiyo hazina maana. Nilibisha kwa mdomo, leo nabisha kwa maandishi.

Chukua "Solidarity Forever", ule wa Mei Mosi ambao na sisi tunaubeba kwenye migomo. Maneno aliandika Ralph Chaplin, Mmarekani, mwaka 1915. Mahadhi hakutunga yeye. Ni yale yale ya "Glory, Glory, Hallelujah" ya kanisani. Mwaka 1861 askari waliyatumia kumwimba John Brown, mpinga utumwa aliyenyongwa 1859, na kabla yao yalikuwa ya mikutano ya injili. Haya, mwizi ni nani hapo?

Chama cha Chaplin, IWW, kilijaa vibarua wa kuhamahama: wavuna ngano, wakata magogo, watu waliovuka bahari kutafuta maisha. Mtunzi wao Joe Hill alitoka Sweden mwaka 1902. Jeshi la Wokovu lilipokuja na matarumbeta kuzima hotuba zao barabarani, wao wakapachika maneno yao kwenye tenzi hizo hizo. Mwaka 1911 Joe Hill akatoa wimbo wa namna hiyo, akiwakejeli wahubiri wanaomwahidi mwenye njaa kwamba atakula mbinguni. Hivi kibarua aliyeshuka jana kwenye treni angejifunza saa ngapi mahadhi mapya? Tenzi anaijua tayari, dakika mbili mnaimba wote.

Mahadhi ni sufuria ya jirani. Unaazima, unapika chako, hakuna anayekuita mwizi.

Ila kuna kosa letu ambalo jamaa hakuliona. Sisi tumeazima sufuria pamoja na ugali wa ndani! Tunaimba maneno ya Chaplin kwa Kiingereza, halafu shida zetu zinabaki kwenye korido. Bumu limechelewa, mtu katoka Sumbawanga na begi moja, anabebwa chumbani, kitanda kimoja watu wawili, mchana anapiga pasi ndefu. Ubeti wake uko wapi? Wale vibarua waliimba njaa yao wenyewe, ndiyo maana ule wimbo umefika mpaka hapa.

Kwa hiyo ndugu yangu wa fasihi, acha kusaka mwizi. Mahadhi tunayo. Shika kalamu, tuandikie ubeti wa kwanza.