Ruzuku Kutoka Accra Hadi Kinjumbi: Mifuko ya Wanawake na Kanuni Auni

Mwaka 2025 mashirika mengi yanayohudumia wanawake na wasichana barani Afrika yalilazimika kujibu swali lililokuwa limeahirishwa kwa muda mrefu. Mwezi Januari Serikali ya Marekani ilisitisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai Shirika lake la Maendeleo ya Kimataifa, USAID, likakoma kuendesha miradi yake. Baadhi ya nchi za Ulaya nazo zilitangaza kupunguza bajeti za misaada. Swali lenyewe ni hili: mfadhili wa mbali anapofunga mkoba wake, ni nani atakayebaki amesimama pamoja na mama wa kijijini na binti yake?

Jibu mojawapo limekuwepo tangu mwaka 2000. Mwaka huo wanawake watatu wa Kiafrika, Bisi Adeleye-Fayemi wa Nigeria, Joana Foster wa Ghana na Hilda Tadria wa Uganda, walianzisha Mfuko wa Maendeleo ya Wanawake wa Afrika, unaojulikana kwa kifupi kama AWDF na wenye makao yake mjini Accra nchini Ghana. Mfuko huu hauchimbi visima wala haujengi madarasa. Kazi yake ni kukusanya fedha na kuzigawa kama ruzuku kwa mashirika ya wanawake, ambayo yenyewe hupanga na kutekeleza. Tangu kuanzishwa kwake umeyafikia mashirika katika nchi zaidi ya 40 za bara letu. Nchini Tanzania, mwaka 2008 ulianzishwa Mfuko wa Wanawake Tanzania, WFT, ambao Mary Rusimbi ni miongoni mwa waasisi wake, nao unafuata utaratibu huo huo wa kutoa ruzuku kwa asasi za wanawake, zikiwemo zilizo nje ya miji mikubwa.

Makala hii inajaribu kuitazama mifuko ya namna hii kwa macho ya Mafundisho Jamii ya Kanisa, lakini ikiwa imesimama mahali maalumu: kata ya Kinjumbi, wilayani Kilwa, hapa mkoani Lindi. Jambo linaloonekana jema katika ukumbi wa mikutano Accra au Dar es Salaam hupimwa vizuri zaidi linapofika kijijini.

Jambo jipya na jambo la kale

Upya wa mifuko hii ni mmoja: uamuzi juu ya fedha umehama. Kwa miongo mingi mwanamke wa Kiafrika alitajwa katika maandiko ya miradi kama mnufaika. Wengine walichambua shida zake, wakapanga tiba yake na kuhesabu mafanikio yake. Mifuko ya wanawake imesema kwamba anayeishi na tatizo ndiye anayelifahamu, kwa hiyo yeye ndiye apange. Wahenga wetu walilisema hilo zamani: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa Mkristo hili si jambo geni. Mwinjili Luka, katika sura ya nane, anawataja Maria Magdalena, Yoana mke wa Kuza, Susana na wanawake wengine wengi waliomhudumia Bwana na mitume wake kwa mali zao wenyewe. Mara nyingi tumeisoma aya hiyo kwa haraka. Ukweli ni kwamba utume wa Yesu ulikuwa na wafadhili, na wafadhili wanaotajwa kwa majina ni wanawake.

Zaidi ya hayo, Baba Mtakatifu Pio XI katika Waraka wa Quadragesimo Anno wa mwaka 1931 alifafanua kile tunachokiita leo kanuni auni. Chombo kikubwa kisijitwalie kazi ambayo chombo kidogo kinaweza kuifanya vizuri. Wajibu wa kikubwa ni kukitegemeza kidogo. Serikali isiimeze familia, jimbo lisiimeze parokia, na mfadhili asikimeze kikundi cha akina mama. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Barua yake juu ya hadhi ya mwanamke ya mwaka 1988, na katika Wosia wa Kitume juu ya Kanisa Barani Afrika wa mwaka 1995, alitetea utu wa mwanamke na kuzikemea mila na desturi zinazomnyima haki zake. Papa Benedikto XVI alilirudia jambo hilo katika Wosia wa Africae Munus aliousaini Ouidah mwaka 2011. Kwa hiyo padre au katekista anayewatazama wanawake waliojipanga na kuwaona kama tishio hatapata mafundisho ya Kanisa ya kumuunga mkono.

Shida inavyoonekana Kinjumbi

Mkulima wa Kilwa hutegemea ufuta na korosho kwa fedha, mihogo na mpunga kwa chakula. Ufuta na korosho huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mazao katika chama chake cha msingi cha ushirika, mazao hupelekwa ghalani, hupigwa mnada chini ya chama kikuu cha Lindi Mwambao, na malipo hurudi kwa mkulima kupitia akaunti yake. Mfumo huu una faida zake, kwani umempunguzia mkulima unyonyaji wa walanguzi waliokuwa wakinunua kwa vipimo vya ulaghai.

Lakini mfumo hulipa jina. Aliyesajiliwa ndiye mwenye stakabadhi, na mwenye stakabadhi ndiye mwenye fedha. Mume na mke wanapalilia shamba moja, wanavuna pamoja, na mara nyingi ni mke anayepeta na kukausha. Jina moja tu huandikwa kwenye daftari, na kwa kawaida ni la mume. Palipo na mapatano nyumbani hakuna tatizo. Mahali ambapo hayapo, msimu wa malipo hugeuka kuwa msimu wa majonzi: fedha zinaingia, mume anaonekana mjini, na mama anabaki na deni la dukani na sare ya shule isiyonunuliwa.

Hapo ndipo binti anapoingia katika hesabu. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata ujauzito. Nyuma ya idadi hiyo kuna umbali wa shule, kuna vyumba vya kupanga ambamo binti wa kidato cha kwanza anaishi bila mlezi, na kuna unyago. Kuhusu unyago yafaa tuseme kwa haki: ni chuo cha utu uzima chenye mafundisho ya heshima, usafi na malezi, na haufai kudharauliwa. Kasoro hujitokeza pale binti wa miaka kumi na mmoja anapotoka mwalini akichukuliwa na jamii kuwa mwanamke aliyekamilika, huku akiwa bado ni mwanafunzi wa shule ya msingi.

Sheria nayo imetupa ishara zinazopingana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vifungu vya 13 na 17, iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo Oktoba 2019. Bunge likachelewa kurekebisha sheria. Wakati huo huo, mwezi Novemba 2021 Serikali iliruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito kurejea shuleni. Nasi katika Kanisa tusijifiche: kanuni ya 1083 ya Sheria za Kanisa inaweka miaka 14 kuwa kikomo cha chini kwa mwanamke. Lakini kanuni hiyo hiyo inalipa Baraza la Maaskofu mamlaka ya kuupandisha umri huo kwa uhalali wa adhimisho, na kanuni ya 1072 inawataka wachungaji kuwazuia vijana wasifunge ndoa kabla ya umri uliozoeleka katika nchi. Mchungaji hana kisingizio.

Pengo kati ya mfuko na kijiji

Je, ruzuku ya Accra au Dar es Salaam inaweza kufika hapa? Inaweza, ila njiani kuna vizuizi. Kwa kawaida mfuko hutoa fedha kwa asasi iliyosajiliwa, yenye katiba, akaunti ya benki, hesabu zilizokaguliwa na mtu anayeweza kuandika andiko la mradi, mara nyingi kwa Kiingereza. Masharti haya si uonevu; fedha ya sadaka na ya msaada lazima itolewe hesabu. Hata hivyo matokeo yake ni kwamba ruzuku humwendea anayejua kuandika kuliko anayejua tatizo. Na asasi ya mjini inapokuja kijijini ikiwa na ruzuku mkononi, kanuni ile ile ya kumsikiliza mwenye kitanda huvunjwa katika hatua ya mwisho.

Wilaya hii inajua gharama ya mipango isiyosikiliza. Nandete iko Kilwa. Ni hapo, mwezi Julai 1905, ambapo Wamatumbi waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kulima na utawala wa Kijerumani, na vita vya Maji Maji vikaanza. Ruzuku si kiboko, na afisa miradi si akida. Hata hivyo somo linabaki: kilimo, shule au mradi unaoletwa bila kuwauliza wenye mikono hauwezi kudumu, hata kama aliyeuleta anaamini kwamba unawafaa.

Na wanawake wa Kinjumbi hawakai mikono mitupu wakisubiri. Wanacheza upatu, wana vikoba, wanazikana na kuuguzana, Wakristo na Waislamu pamoja. Serikali nayo imeweka mikopo isiyo na riba kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya kasoro za usimamizi, kisha ikarejeshwa kwa utaratibu mpya. Mkopo hufaa biashara, kwa kuwa biashara hurudisha. Lakini kumfuata binti aliyeacha shule, kumsindikiza mjane baraza la ardhi, au kuwaelimisha makungwi kuhusu umri wa mwali ni kazi zisizo na marejesho ya fedha. Hapo ndipo ruzuku ina nafasi yake halali, na hakuna mkopo unaoweza kuijaza.

Kupambanua bila woga

Baadhi ya mifuko ya wanawake, ndani na nje ya Afrika, huhesabu utoaji mimba miongoni mwa haki inazozitetea. Kanisa haliwezi kukubaliana nayo katika hilo, na halihitaji kunong'ona. Tamko la Dignitas Infinita la mwaka 2024 linaweka utoaji mimba na ukatili dhidi ya wanawake katika orodha moja ya mambo yanayovunja utu wa binadamu. Orodha hiyo inatufunga pande zote mbili. Anayepinga utoaji mimba na kunyamaza mwanamke anapopigwa ameisoma nusu. Anayetetea mwanamke na kumsahau mtoto aliye tumboni naye ameisoma nusu.

Kwa hiyo kikundi cha parokia kisome mkataba wote kabla ya kutia saini. Kazi inayokubalika na dhamiri ifanywe kwa moyo wote. Sharti lisilokubalika likataliwe kwa maandishi na kwa heshima, hata kama kukataa kutagharimu fedha. Kushirikiana na jirani katika jema moja si kuafiki yote anayoyaamini. Na kukataa mazungumzo yote kwa hofu ni kumwacha binti wa Kinjumbi alipie mabishano ya watu wazima.

Yaliyo mikononi mwetu

Yapo mambo yasiyosubiri mfadhili. WAWATA, iliyoadhimisha miaka 50 mwaka 2022, inao mtandao unaoshuka hadi Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Mtandao huo uvisaidie vikundi vya akina mama, bila kubagua dini, kuandika katiba, kutunza daftari na kufungua akaunti. Ofisi za Caritas zivisaidie kuandika maandiko ya mradi, kisha zirudi nyuma, maana mradi ni wa kikundi. Mafundisho ya ndoa yawe na somo juu ya daftari la ushirika: mume na mke wanaolima pamoja waandikishwe wote wawili. Viongozi wa Kanisa na masheikh wakae na makungwi, wazungumze umri wa mwali kwa Kiswahili cha nyumbani. Nayo mifuko yenyewe iombwe kupokea maombi kwa Kiswahili, kutoa ruzuku ndogo zenye masharti yanayolingana na udogo wake, na kufika kijijini kabla ya kupitisha uamuzi.

Ndugu msomaji, wafadhili wa mbali huja na kuondoka, kama miaka hii ilivyotuonesha. Mama aliyeandikwa kwenye daftari la chama chake na kusimamia akaunti ya kikundi chake hatakuwa mnufaika wa yeyote, na binti yake atakuwa na mtu wa kumnunulia daftari la shule msimu wa ufuta utakapofika. Msimu ujao wa usajili wa wakulima ni mahali pazuri pa kuanzia.