"Mtandao Umejaa": Tuulize Foleni Iko Wapi



Anayetoa bitcoin kwenye soko la sarafu za kripto siku ya pilikapilika huambiwa: "Subiri, mtandao umejaa." Atasubiri saa nzima, pengine hadi kesho yake. Mimi nasema jibu hilo tusilipokee kama utabiri wa hali ya hewa.

Ni kweli mtandao hujaa. Miamala ya Bitcoin huandikwa kwa mafungu, fungu moja kila dakika 10 kwa wastani, na kila fungu lina kikomo. Watu wakizidi, anayelipa ada kubwa ndiye anayetangulia. Desemba 2017 wastani wa ada ulipita dola 50 kwa muamala. Aprili 20, 2024 ulipita dola 100.

Tena ada hiyo haiangalii kiasi unachotuma. Hupimwa kwa ukubwa wa muamala kama data. Mwenye dola milioni moja na mwenye dola 60 wanaweza kutozwa sawa. Kwa wa kwanza ni chenji, kwa wa pili ni mfuko mzima.

Lakini si kila ucheleweshaji ni wa mtandao peke yake. Mei 2023, Binance ilisimamisha utoaji wa bitcoin mara mbili kwa muda mfupi. Msongamano ulikuwepo, ila kampuni yenyewe ilikiri kwamba ada ilizopanga hazikutarajia ongezeko lile. Yaani soko lilipanga ada, miamala ikakwama, mteja akasubiri.

Ukweli unapimika. Muamala ukishatumwa mtandaoni huwa na namba yake, na yeyote anaweza kuitafuta kwenye daftari la wazi la Bitcoin. Ukiiona inasubiri humo, foleni ni ya kweli. Kama soko halijakupa namba yoyote, kuna uwezekano mkubwa fedha yako bado iko kwao. Kondakta hawezi kukwambia barabarani kuna foleni wakati daladala haijatoka stendi!

Kwa hiyo masoko haya yabanwe kwa mambo mawili: yatoe namba mara tu yanapotuma, na yaonyeshe ada ya mtandao kando na makato yao. Mwenye fedha kidogo ndiye anayeumia zaidi asipoambiwa.

Au mnasemaje wadau?