Mwani, Sabuni na Mfuko wa Mama

Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Wakati wa bamvua, maji yakipwa, mama huchomeka vigingi mchangani, hukaza kamba, hufunga vichipukizi kimoja kimoja. Baada ya wiki sita hivi huvuna, hukausha, kisha humngoja mnunuzi.

Hapo pa kungoja ndipo penye dhiki. Mwani mkavu husafirishwa ng'ambo ukatolewe utomvu wa kugandishia, ule utiwao katika dawa ya meno na vyakula vya maziwa. Mkulima hakijui kiwanda hicho. Amjuaye ni mnunuzi, naye ndiye mwenye mizani na mwenye bei. Juu ya hayo, bahari imezidi joto. Aina ya kotonii, yenye bei nzuri, hufa katika maji ya kina kifupi. Hubaki spinosamu, yenye kustahimili zaidi na kulipa kidogo. Watafiti wameshauri kotonii ikuzwe kwenye kina kirefu, ndani ya nyavu zilizoshonwa kama mirija. Shauri jema, ila linataka chombo na ujuzi wa kuogelea, na wengi wa akina mama hawa hawakufundishwa kuogelea.

Baadhi ya vikundi, Kidoti kwa mfano, viligeukia sabuni. Mwani husagwa ukawa unga, ukachanganywa na mafuta ya nazi, kostiki soda na mafuta ya karafuu au mchaichai kwa harufu. Faida ninayoiona hapo si fedha peke yake: mwenye sabuni ya kuuza anaweza kumwambia mnunuzi wa mwani kwamba bei yake haitoshi, akarudi nyumbani na gunia lake. Lakini sabuni inayosubiri watalii pekee nayo inangoja mnunuzi mmoja. Mbona haipo kwenye maduka ya mitaani kwetu, kwa kipande kidogo na bei ya mtu wa kawaida?

Na nyumbani je? Fedha ya mwani ni mali ya aliyeingia majini. Matumizi ya nyumba ni wajibu wa mume, hata mke akiwa na chake. Kikundi hakitanunua kinu cha kusagia ikiwa mgawo wa kila mama unaishia kulipa deni la unga na sukari dukani.