Jua Lisisingiziwe Radi

Radi inapoua katika milima ya Kisii au Kakamega, maswali huanza hata kabla ya maziko: ni nani aliyeituma? Wapo wanaomtaja mchawi. Mwanafunzi wa fizikia aweza kuja na jibu lililo bora kidogo, kwamba jua limechafuka. Maana mnamo Oktoba 2024 wanasayansi wa Marekani walitangaza kuwa jua limefikia kilele cha mzunguko wake wa miaka kama 11, kipindi ambacho madoa yake meusi huwa mengi.

Jibu hilo si la kupuuzwa. Hata siku isiyo na wingu, hewa iliyo karibu na ardhi ina umeme: ukipanda mita moja tu, tofauti ni volti 100 hivi. Katika miaka ya 1920 mwanafizikia C.T.R. Wilson alieleza kwamba mawingu ya radi ya dunia nzima ndiyo yanayoudumisha umeme huo. Nao hupita hewani kwa sababu miale itokayo mbali mno angani hugonga chembe za hewa na kuzitia chaji. Jua likichachamaa, nguvu zake za sumaku hufukuza sehemu ya miale hiyo. Tena mnamo 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading walichapisha hesabu zao: katika siku 40 baada ya upepo wa kasi wa chembe za jua kufika duniani, Uingereza ilipata wastani wa radi 422, ilhali siku 40 zilizotangulia zilikuwa na 321.

Lakini kabla mwalimu hajayaandika hayo ubaoni kama sheria, na akumbuke kisa cha ziwa letu. Mnamo 1923 Mwingereza C.E.P. Brooks, bingwa wa hali ya hewa, alionyesha kwamba maji ya Ziwa Victoria yalipanda na kushuka pamoja na madoa ya jua. Kwa zaidi ya miaka 20 mistari hiyo miwili ilifuatana kama mtu na kivuli chake. Kisha ikaachana. Mvua kubwa za 1961 zilipokuja, ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita mbili kufikia 1964, na wakati huo huo madoa yalikuwa yakipungua. Ziwa halikuwa limeyasoma maandishi ya bwana huyo.

Hapa kwetu mkubwa wa radi ni joto la kila siku. Mchana nchi kavu hupata moto, upepo wenye unyevu hutoka ziwani na kupanda milimani, na alasiri mawingu hupasuka. Usiku mambo hugeuka, radi ikahamia majini. Ndiyo maana eneo hili ni miongoni mwa yale yenye radi nyingi zaidi duniani, madoa yawepo yasiwepo.

Mnamo Juni 2011 radi iliwaua watoto 18 katika shule moja ya msingi wilayani Kiryandongo, Uganda. Twasema basi kwamba shule yoyote ya kanda ya ziwa isijengwe bila chuma cha kunasa radi juu ya paa na waya mnene wa kuipeleka ardhini. Gharama hiyo iwekwe katika makadirio ya kwanza, pamoja na mabati. Ngurumo ikisikika, watoto waondolewe uwanjani na chini ya miti. Na kengele ya michezo isilie tena mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.