Mji Hauendeshwi kwa Miradi Peke Yake

Kaunti ya Makueni imejipatia jina kwa mikutano yake. Tangu mwaka 2013, enzi za gavana wa kwanza Kivutha Kibwana, wananchi hukaa kijijini wakataja wanachokitaka, wakachagua watu wa kukipeleka kwenye kundi la vijiji, kisha kwenye wadi, kaunti ndogo na hatimaye makao makuu mjini Wote. Maafisa wa kaunti nyingine wamekuja kujifunza, na Benki ya Dunia imeutaja utaratibu huo kwa sifa. Sifa hizo ni za haki. Visima, mabwawa na zahanati nyingi tunazoziona leo zilianza kama maneno ya mama mmoja aliyesimama chini ya mti akasema watoto wake wanateka maji mbali.

Lakini toleo hili linahusu miji midogo, nasi tumeamua kuanzia mji wa Makindu, kwa sababu hapo ndipo sifa hiyo inapofika mwisho wake. Mkutano wa kijiji unajua kuchagua kitu cha kujengwa. Haujui kuendesha mji. Hakuna anayenyoosha mkono kuomba mtaro uzibuliwe kila wiki, taa ya mulika mwizi ibadilishwe balbu, au lori la taka liwe na mafuta mwezi wa Machi kama lilivyokuwa nayo mwezi wa Septemba. Haya hayafunguliwi kwa kukata utepe. Yakifanyika, hakuna anayeyaona. Yasipofanyika, mji mzima unanuka.

Tena wenye kuutumia mji si wale wanaohudhuria mikutano. Dereva wa trela anayelala Makindu usiku mmoja hana kijiji hapa. Kijana aliyetoka Mutomo kuja kufanya kazi hotelini, akapanga chumba kimoja, kura yake iko Kitui. Mama anayeuza matikiti na machungwa stejini alifika na matatu ya alfajiri, na jioni anarudi Nguumo. Wote hawa wanahitaji choo safi, maji, taa na usalama, na hakuna orodha ya kijiji inayobeba mahitaji yao. Mkutano wa wadi ukifika, wakulima ambao ndio wengi wataomba bwawa, na hawana kosa. Mji unashindwa kura ndani ya wadi yake wenyewe.

Tazama mtaro mmoja tu. Unaanzia nyuma ya maduka, unapita kando ya vibanda, kisha unaingia kwenye hifadhi ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa. Sehemu ya juu ni ya kaunti. Sehemu ya chini iko mikononi mwa KeNHA, mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu. Bomba la maji linaloukatiza ni la kampuni ya maji ya Kibwezi-Makindu, nguzo iliyo ukingoni ni ya Kenya Power, na mbele kidogo kuna ardhi ya reli. Mvua za Novemba zikishuka, maji huja na udongo mwekundu, chupa za plastiki na maganda ya miwa, yakajaa kwenye kalvati na kurudi hadi vizingiti vya maduka. Mwenye duka, ambaye leseni yake imelipiwa na risiti anayo, akipiga simu anaelekezwa kwingine, na huko nako anaelekezwa kwingine tena.

Hata hivyo, katika mji huuhuu kuna huduma inayofanya kazi kila siku. Hekalu la Masingasinga lilijengwa mwaka 1926 na watu waliokuwa wakifanya kazi kwenye reli. Hadi leo msafiri wa dini yoyote anavua viatu, anafunika kichwa, anaketi na kupewa chapati, dengu na chai bila kudaiwa senti. Akitaka kuchangia, anachangia. Wageni husifia marumaru na bustani. Mimi nasifia jiko. Unga unanunuliwa kabla haujaisha, sahani zinaoshwa kabla ya wageni wengine kuingia, na kila kazi ina mwenyewe anayejulikana kwa sura. Najua hekalu lina wafadhili wenye imani, na mji una walipa ushuru waliochoka kudanganywa. Lakini kilichoko jikoni mle ndicho tunachokikosa nje ya lango: msimamizi aliye karibu, na fedha zilizotengwa kwa ajili ya kesho.

Sheria inaruhusu jambo hilo. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011, iliyorekebishwa mwaka 2019, inataka manispaa yenye watu wasiopungua 50,000 iwe na bodi na meneja, na mji wenye watu kuanzia 10,000 uwe na kamati na msimamizi. Mji wa Wote ni manispaa, na Emali na Sultan Hamud zimeunganishwa kuwa manispaa nyingine. Hadhi hiyo ina uzito: mpango wa kustawisha miji uliogharamiwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2017 ulipeleka ruzuku kwa miji 59 katika kaunti 45, na bodi ilikuwa miongoni mwa masharti. Kwa Makindu, iwe peke yake au pamoja na Kibwezi, cheo hicho kisiishie kwenye bango na gari la mwenyekiti. Bodi isiyo na akaunti yake wala fungu la matengenezo itakuwa mkutano mwingine tu.

Na muda si mwingi. Kila ploti inayokatwa na kujengwa vyumba vya kupanga inachimba shimo lake la choo. Maji ya eneo hili ni mvua inayoangukia Vilima vya Chyulu, ikapenya kwenye mawe ya volkano na kutokea chini kama chemchemi, kule Umani, Makindu, Kiboko na Mzima. Mawe yanayopitisha mvua kirahisi hivyo hupitisha na uchafu. Anayepanga mji hapa lazima aanze na majitaka kabla ya ghorofa, kwa kuwa chemchemi ikiharibika hakuna mradi wa kuirudisha.

Riziki ya mji nayo haina uhakika. Treni ya abiria ya reli ya kisasa, SGR, ilianza mwaka 2017, na inayosimama njiani hushusha watu Emali, Kibwezi na Mtito Andei, na Makindu inapitwa. Makontena yalipolazimishwa kupanda reli, miji ya barabarani ililia, hadi amri hiyo ilipotenguliwa Septemba 2022. Mji unaotegemea malori peke yake unategemea kalamu iliyoko Nairobi. Ndengu, embe na matunda ya mashamba ya umwagiliaji yanahitaji soko lenye paa, maji na mizani ya haki, na soko hilo linahitaji mtu wa kulifagia kila siku.

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai, na kabla ya hapo bajeti huletwa kwa wananchi. Msomaji wetu wa Makindu, uwe una ploti au umepanga, nenda kwenye kikao hicho. Usiombe jengo jipya. Uliza ni nani atakayeuzibua mtaro ule, kwa fedha za fungu gani, na umpigie nani usipozibuliwa. Usikubali kuondoka kabla jibu halijaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.