Kipimo Kwanza, Bei Baadaye: Uteuzi wa Vipuri vya Tarakilishi ya Nyumbani

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii husikika sana dukani na sokoni, lakini ni nadra ikumbukwe pale kijana wa Njiru anapokusanya akiba yake, akapanda matatu ya Barabara ya Kangundo na kuelekea jijini kutafuta vipuri vya kujiundia tarakilishi. Kichwani mwake huwamo swali moja tu: kipuri hiki ni pesa ngapi? Jioni hurejea na kifurushi, akafungua, akajaribu kuunganisha, na hapo ndipo anapobaini kwamba kichakataji hakiingii kwenye soketi, au kumbukumbu haikai katika mfereji wake. Muuzaji amekwisha funga duka, na ukutani mwake pameandikwa kwamba mali iliyouzwa hairudishwi. Akiba ya miezi kadhaa imegeuka pambo la kabati.

Jambo hili linashangaza zaidi kwa kuwa Njiru ni mahali pa wajenzi. Machimbo yake ya mawe yamelisha majengo ya Nairobi kwa miaka mingi, na nyumba zake nyingi zimejengwa chumba kwa chumba, kila mwenye ploti akijenga kwa kadiri ya uwezo wake. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 626,482 katika kaunti ndogo ya Njiru. Miongoni mwa umati huo, hakuna mwashi anayenunua fremu ya mlango kabla ya kulipima tundu lake, wala fundi wa paa anayebeba mabati bila kujua urefu wa boriti. Hekima ya kupima kwanza imo mitaani tele. Kinachohitajika ni kuihamisha kutoka kwenye jiwe na bati hadi kwenye tarakilishi.

Wapo wanaodai kwamba mjadala huu hauna maana, kwa sababu mtu mwenye pesa kidogo anapaswa kununua tarakilishi iliyokwisha kuundwa, hasa zile zilizotumika maofisini ng'ambo na kuletwa nchini. Dai hili lina ukweli wake. Kwa mwanafunzi anayetaka kuandika tasnifu na kusoma makala za mtandaoni pekee, kasha kamili lililotumika aghalabu hutoka kwa bei nafuu kuliko vipuri vilivyonunuliwa kimoja kimoja. Hata hivyo, mwenye kasha hilo hatakaa nalo lilivyo. Mwaka wa kwanza ataongeza kumbukumbu, wa pili abadilishe diski, na wa tatu atamani kadi ya picha ili ahariri video za harusi na za kanisani. Kila nyongeza ni uamuzi wa upatanifu. Kwa hiyo anayenunua kasha zima na anayeunda kutoka mwanzo wote wanahitaji elimu moja, isipokuwa mmoja anaihitaji leo na mwingine kesho.

Msingi wa elimu hiyo ni ubao mama, ambao mafundi huuita madhabodi. Huo ndio msingi wa nyumba. Vipuri vingine vyote ni kuta na paa. Ubao huwa na soketi moja ya kichakataji, na soketi hiyo haimpokei kila mgeni. Vichakataji vya Intel vya kizazi cha 2 na cha 3 hukaa katika soketi ya LGA 1155, vya kizazi cha 4 katika LGA 1150, na vya kizazi cha 10 na cha 11 katika LGA 1200. Tofauti ya nambari hizo ni ndogo machoni, lakini mfukoni ni kubwa mno.

Hata nambari ikilingana, tahadhari haijaisha. Soketi ya LGA 1151 ilitoka mwaka 2015 pamoja na kizazi cha 6, ikahudumia pia cha 7. Mwaka 2017 kampuni hiyo ikatoa kizazi cha 8 kwa soketi yenye jina lilo hilo na idadi ile ile ya miguu, lakini mbao za awali hazikuundwa kukitambua. Kijana aliyesoma nambari na kuishia hapo hununua vitu viwili vinavyokaliana vizuri kwa macho na ambavyo havitawaka pamoja. Kwa upande wa AMD, soketi ya AM4, iliyoanza mwaka 2016, imekuwa na uhai mrefu na kuhudumia vizazi kadhaa vya Ryzen. Lakini hapo pia ubao wa zamani huhitaji programu yake ya ndani, iitwayo BIOS, ihuishwe kabla ya kukipokea kichakataji kipya. Kwa hivyo swali la kumuuliza muuzaji si soketi pekee. Ni jina kamili la ubao na orodha ya vichakataji ambavyo mtengenezaji wake amevithibitisha. Orodha hiyo hutolewa bure katika tovuti ya mtengenezaji, nayo husomeka hata kwa simu ya mkononi ndani ya matatu.

Kumbukumbu, yaani ramu, nayo ina sheria zake. DDR3, iliyoingia sokoni mwaka 2007, ina miguu 240, ilhali DDR4 ya mwaka 2014 ina miguu 288 na pengo lake limehamishwa makusudi ili isiingie mahali pasipo pake. Mbao za kizazi cha 4 cha Intel hutumia DDR3, na nyingi za kizazi cha 6 hutumia DDR4. Anayelazimisha kwa kidole gumba huvunja mfereji, na mfereji ukivunjika ubao mzima huwa hasara. Aidha, ramu ya tarakilishi ya mapajani ni fupi na haifai katika ile ya mezani, hata kama maandishi ya DDR yanafanana.

Baada ya hapo huja umeme, na hapa ndipo wanunuzi wengi hubana matumizi pasipofaa. Kisanduku cha umeme, pawasaplai kwa lugha ya mafundi, hakionekani wala hakisifiwi na wageni, hivyo huachiwa makombo ya bajeti. Makosa ni mengi. Tarakilishi kadhaa za ofisini hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24: Dell OptiPlex 9020, mathalani, hutumia ya pini 8, na HP EliteDesk 800 G1 hutumia ya pini 6. Mwenye kasha la namna hiyo akinunua pawasaplai ya kawaida bila kuuliza, hulazimika kutafuta waya maalumu wa kuunganishia au kurudi mjini kwa nauli nyingine. Isitoshe, baadhi ya visanduku vya zamani vina swichi ndogo nyuma yenye alama za 115 na 230. Umeme wa Kenya ni wa volti 240. Kisanduku kilichotumika Marekani, kikiwa kimeachwa kwenye 115, huweza kulipuka mara tu kinapochomekwa ukutani. Kuitazama swichi hiyo hakugharimu hata senti moja.

Kadi ya picha hufungamana na umeme pamoja na kasha. Mfereji wa kadi kwenye ubao hutoa wati 75 tu. Kadi inayohitaji zaidi lazima ipate waya wake kutoka kwenye pawasaplai, na visanduku vingi vya ofisini havina waya huo. Kasha jembamba nalo hupokea kadi fupi pekee. Pana mtego mwingine uliojificha katika herufi moja. Vichakataji vya Intel ambavyo majina yao huishia kwa herufi F havina uwezo wa kuonyesha picha vyenyewe. Vivyo hivyo, vichakataji vingi vya Ryzen vya soketi ya AM4 visivyo na herufi G huhitaji kadi ya picha ndipo kiwambo kionyeshe chochote. Kijana huona kichakataji cha F kimepunguzwa bei, akakichukua kwa furaha, kisha akaketi mbele ya kiwambo cheusi usiku kucha akidhani ameuziwa kibovu. Hakuuziwa kibovu, hakuisoma herufi.

Suala la programu nalo limezidisha uzito wa uteuzi huu. Microsoft ilikoma kutoa huduma za kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na masharti rasmi ya Windows 11 yanadai, kwa jumla, Intel ya kizazi cha 8 au zaidi pamoja na kipengele cha usalama cha TPM 2.0. Hivyo mashine za kizazi cha 4 hadi cha 7 zinaweza kuuzwa kwa bei ya kuvutia kwa sababu ambayo muuzaji huenda asiitaje. Si lazima ziepukwe, kwani mifumo huria kama Ubuntu na Linux Mint huzifufua na kuzifanya zifae kwa kazi nyingi za masomo. Muhimu ni mnunuzi kujua analonunua, asije akalipia mlango ambao tayari umefungwa.

Je, haya yote yana uhusiano gani na wasomi wa Kiswahili? Yana uhusiano mkubwa. Sehemu ya hasara hizi haianzii dukani, bali katika maneno. Nchini Kenya watu wengi huliita kasha zima "sipiyu", ilhali jina hilo kwa asili ni la kichakataji, kipande kinachotoshea kiganjani. Anayesema sipiyu yake imeharibika anaweza kuwa anamaanisha pawasaplai, diski au hata waya uliolegea. Fundi asiye mwaminifu hufaidika na utata huo, na fundi mwaminifu hupoteza muda kuutatua. Wakati huo huo, vyuoni mjadala umekwama kwenye jina la mashine yenyewe: iitwe tarakilishi, kompyuta au ngamizi? Mjadala huo una ladha yake, lakini mnunuzi wa Njiru hapotezi pesa kwa sababu ya jina la mashine. Anazipoteza kwa kukosa maneno ya kuulizia soketi, mfereji, pini na wati.

Kwamba kazi hiyo inawezekana, si jambo la kubuni. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu na maelekezo ya Kiswahili. Wataalamu wa lugha na wa tarakilishi waliketi pamoja, na istilahi zikapatikana. Kilichofanyika kwa programu kinaweza kufanyika kwa vipuri. Chama cha wanafunzi wa Kiswahili kikitoa ukurasa mmoja tu wa maelezo, ukiwa na michoro na majina yanayoeleweka na fundi na mteja, kitakuwa kimeufaa umma kuliko makongamano kadhaa ya kubishania neno moja.

Wauzaji nao wana wajibu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu anachonunua. Tangazo la ukutani halina nguvu ya kuifuta Katiba. Ni kweli kwamba faida ya wauzaji wengi wa vipuri ni ndogo, na baadhi ya wateja hupinda pini nyumbani kisha wakadai walipewa kitu kibovu. Dawa ya shaka hiyo ni upimaji wa papo hapo: kipuri kiwashwe mbele ya mteja, na risiti iandikwe jina kamili la kipuri badala ya neno "ramu" au "bodi" tupu. Risiti ya namna hiyo humlinda mteja na muuzaji kwa kiwango sawa.

Mwisho, pana gharama isiyoandikwa kwenye risiti yoyote. Vipuri visivyopatana havitoweki, hatimaye hutupwa. Jirani ya Njiru lipo jaa la Dandora, lililofunguliwa mwaka 1975 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilichapisha matokeo ya kuwapima watoto 328 wa eneo hilo, na nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubaliwa kimataifa. Taka za jaa hilo ni za kila aina na haifai kuzilaumu tarakilishi pekee. Lakini mbao za zamani zimeunganishwa kwa lehemu yenye risasi, na kila ubao unaonunuliwa kimakosa unaikaribia siku ya kuchomwa moto karibu na mtoto wa mtu.

Kwa hiyo daftari litangulie safari. Ukurasa wa kwanza uandikwe kazi itakayofanywa na tarakilishi; wa pili, jina kamili la kichakataji na la ubao unaokikubali; wa tatu, aina ya ramu; wa nne, wati na plagi za pawasaplai pamoja na vipimo vya kasha. Bei iandikwe mwisho, mbele ya kila kipuri kilichokwisha pimwa. Mwashi wa Njiru amefanya kazi kwa utaratibu huo miaka yote, na milango yake inafungika.