Mshirika wa kompyuta naye hutunzwa

Mzazi akipita sebuleni na kusikia panga zikigongana ndani ya kompyuta, hudhani watoto wamezama katika vita tu. Lakini hebu mtazame yule anayeshinda. Mara nyingi si mwenye jeshi kubwa kuliko wote, bali ni yule aliyejua kuishi na jirani yake.

Tuchukue Age of Empires II, mchezo uliotoka mwaka 1999 na kuundwa upya 2019. Unajenga mji, unalima, unachimba dhahabu na kupigana. Kompyuta huweza kuendesha maadui zako, na washirika wako pia. Vijana wengi humwona mshirika huyo kama pambo. Humwacha apigwe peke yake kule pembeni mwa ramani, wakisema heri adui ashughulike naye huko.

Hesabu hiyo ni mbovu, na sababu ni dhahabu. Machimbo yana kikomo. Yakiisha na mchezo bado unaendelea, njia kubwa inayobaki ni kutuma mikokoteni ya biashara kutoka soko lako hadi soko la mshirika. Kadiri soko lake lilivyo mbali, ndivyo kila safari inavyoleta dhahabu zaidi. Sasa likibomolewa, mikokoteni itakwenda wapi? Yule uliyemwacha afe huenda ndiye aliyekuwa benki yako, na mchezo wa Jumamosi nzima ukapotea hivyo hivyo.

Kumsaidia si kazi ngumu. Ukishajenga soko, unaweza kumtumia chakula, mbao, dhahabu au mawe. Mwanzoni kuna tozo ya asilimia 30, yaani ili apate 100 wewe unatoa 130. Utafiti wa sarafu huipunguza hadi 20, na ule wa benki huiondoa kabisa. Naye pia huombwa. Katika toleo la 2019, andika 3 kwenye kisanduku cha ujumbe naye atakutumia chakula ikiwa ana ziada. 4 ni mbao, 5 dhahabu, 6 mawe. Ukiandika 31, unamwambia ashambulie.

Angalia pia mtego huu. Ikiwa timu hazikufungwa kabla ya kuanza, urafiki ni wa upande mmoja mmoja. Wewe waweza kumweka jirani kuwa rafiki huku yeye amekuweka adui. Askari wako watasimama wakitazama anavyobomoa ukuta.

Civilization VI, ya mwaka 2016, ina ujanja zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo inayomfaa mwanafunzi anayependa historia. Kila kiongozi ana ajenda yake. Mvemba a Nzinga, mfalme wa Kongo wa karne ya 16, hawezi kuanzisha dini katika mchezo huu, ila humpenda anayemletea. Ukianzisha dini yako kisha usiifikishe katika miji yake, atakununia. Kwa hiyo wahubiri, ambao kwa kiongozi mwingine wangekuwa uchokozi, kwake ni zawadi. Anayetuma majeshi kabla ya kusoma ajenda hukosa rafiki aliyekuwa tayari.

Uzuri mwingine ni kwamba mchezo huu huchezwa kwa zamu, hivyo watoto wawili waweza kupokezana kompyuta moja bila kusukumana. Anza mapema: tuma wajumbe kwa kila unayekutana naye, gharama ni dhahabu 25 tu. Kisha tafuta urafiki, na baadaye ushirika. Ukiupata, andika kwenye karatasi ile zamu mliyokubaliana. Kwa kasi ya kawaida ushirika hudumu zamu 30, na katika muda huo hamwezi kutangaziana vita. Zikiisha bila wewe kuomba upya, usishangae kuona askari wake wamejipanga mpakani.